Jambiani: tazama mwezi kabla ya kukata tiketi

Mgeni anayefika Jambiani, kijiji cha pwani ya Unguja, saa 4 asubuhi wakati wa mwezi mpevu huweka mzigo chini, hutoka mbio kwenda pwani, na bahari haipo. Mbele yake ni mchanga mweupe, vidimbwi, majani ya baharini, kina mama wameinama kule mbali, na povu la mwamba limelala kama uzi mweupe. Anahisi ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Kumbe amefika saa nzuri kuliko zote za siku hiyo, ila hakuna aliyemwambia.

Karibu pwani yote ya mashariki ya Unguja iko hivi. Mwamba umesimama mbali na ufuo, na katikati pana uwanda wa maji mafupi. Maji yakikupwa, uwanda unabaki wazi. Yakijaa, unakuwa bwawa kubwa la rangi ya feruzi. Nungwi na Kendwa, kule kaskazini, sakafu ya bahari inashuka haraka na mtu anaogelea karibu saa yoyote. Anayetaka kuogelea tu, aende huko, hatajuta. Jambiani ni ya anayetaka kuona jinsi kijiji kizima kinavyopangwa na maji, na kula kilichotoka humo siku hiyohiyo.

Jambo la kwanza, basi, si hoteli. Ni mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji yanajaa sana na kukupwa sana, tofauti ikikaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, yaani tarehe 7 au 8 na tena tarehe 22 hivi za mwezi wa Kiislamu, ni maji mafu: tofauti hupungua hadi mita moja na kidogo, na bahari haiendi mbali. Unguja ina bahati moja, saa hazibadiliki ovyo. Siku za bamvua maji hujaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kukupwa mnamo saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata ongeza kiasi cha dakika 50. Baada ya wiki mambo yamegeuka: saa 4 asubuhi maji yamejaa, saa 10 jioni yamekupwa. Ukiijua tarehe ya mwezi, unaweza kupanga siku nzima bila kumuuliza mtu, na simu ikizima hupotei.

Kwa siku nne au tano, fika siku moja kabla ya mwezi mpevu. Asubuhi zitakuwa za kutembea mwambani na jioni za kuogelea. Kuna na zawadi nyingine: pwani hii inatazama mashariki, kwa hiyo jua halizami baharini, lakini mwezi mpevu huchomoza baharini mara tu jua linapotua, mwekundu kwanza, kisha wa dhahabu. Anayekuja kwa ajili ya ngalawa na kuogelea kutwa, na hasa mwenye watoto wadogo, achague maji mafu.

Kutembea hadi karibu na mwamba kunataka utaratibu. Toka ufukoni dakika 90 kabla ya maji kukupwa kabisa, uyafuate yanavyorudi, na uanze kugeuka yanaposimama. Usingoje uyaone yakija. Kosa linalowapata watu ni kudhani maji yataingia kutoka mbele yao. Hayaji hivyo. Yanapita kwanza kwenye mifereji na mabonde yaliyo kati yako na ufuo, nawe umesimama kwenye fungu la mchanga lililo juu, kukavu kabisa, huku nyuma yako maji yameshafika kiunoni. Ukiona kina mama wanabeba magunia yao na kurudi, rudi nao.

Miguuni vaa viatu vya plastiki vyenye kamba au raba kuukuu, si ndala. Ndala hunasa kwenye tope na kuchomoka. Kwenye mawe na majani kuna wale wanyama weusi wa miiba mirefu, na mwiba wao hukatikia ndani ya nyama. Penye mchanga laini buruta miguu badala ya kuinyanyua, ili samaki taa aliyejifukia asikie na kuondoka. Kofia, maji ya kunywa lita moja na nusu, na shati la mikono mirefu: jua la saa 5 linachoma mara mbili, kutoka juu na kutoka kwenye maji.

Njiani utapita kwenye mashamba ya mwani. Kilimo hiki kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wengi wa wakulima ni wanawake. Kwa mbali ni safu za vijiti tu. Ukikaribia, utaona kamba imenyooshwa kati ya vijiti viwili, na kwenye kamba zimefungwa tai-tai, vipande vya kamba nyembamba, kila kimoja kikishika tawi la mwani lisilozidi kiganja. Mama anakaa ndani ya maji yanayomfika tumboni, kanga aliyojifunga imeloa, na vidole vyake vinafunga fundo moja baada ya jingine bila kuangalia. Fundo likikazwa mno tawi hukatika; likilegea bahari hulichukua. Baada ya wiki 6 hivi tawi limekuwa kichaka na huvunwa, tena siku za bamvua kwa sababu siku za maji mafu shamba halifikiki vizuri. Kisha huanikwa siku mbili hadi nne. Mvua ikiunyeshea uliokwisha kauka, maji yasiyo ya chumvi huutoa chumvi na rangi, na thamani huanguka. Ndiyo maana ukiona watu wanakimbilia majamvi mara wingu linapotanda, nyanyua upande mmoja wa jamvi usaidie.

Usikanyage kamba, na usiinue mwani ili upigwe picha. Ni mshahara wa mtu. Ukitaka kupiga picha, salimu kwanza, omba, na ukubali ukikataliwa. Wengine watakuonyesha kufunga wenyewe ukionyesha kutaka kujifunza. Ukikaa nusu saa ukifunga, acha chochote kwa muda waliokupa, na nunua sabuni ya mwani kwa aliyeitengeneza.

Karibu na ufuo kuna vilima vidogo vya mawe na matope. Chini yake yamefukiwa makumbi ya nazi. Hulala humo miezi kadhaa mpaka yaoze vya kutosha, kisha hupondwa kwa rungu hadi usumba utoke, ukasokotwa kuwa kamba. Harufu yake ni kali. Usichimbe wala usihamishe mawe, kila kilima kina mwenyewe.

Sasa pweza, ambaye kwangu ndiye sababu ya kutosha ya kuja siku za bamvua. Wanaomchokoa kwa vijiti hurudi maji yanapoanza kuingia, na hapo ufukoni ndipo pa kununua. Aliye mbichi ngozi yake inang'aa na vinyonyio vinashika kidole. Aliyelala ana utelezi na harufu. Chini ya nusu kilo usimchukue hata kwa bei rahisi. Pweza jike hutaga mara moja tu maishani kisha hufa, kwa hiyo mdogo aliyekamatwa ameondoka na kizazi chake.

Kwa watu wanne chukua pweza wa kilo moja na nusu, maana akiiva hubaki karibu nusu ya alivyokuwa. Atolewe matumbo, macho na mdomo, kisha apigwe kwenye jiwe au kwa mti mpaka mikia ilegee. Msugue kwa chumvi ya mawe na uoshe hadi povu liishe. Mweke kwenye sufuria bila maji, funika, moto mdogo; atatoa maji yake mwenyewe. Mchemshe dakika 45 hadi saa nzima, na uongeze kikombe cha maji moto kama anakauka. Chumvi usitie sasa, alishapata wakati wa kusuguliwa na maji yake yana chumvi ya bahari. Wapishi wanaoharibu hapa hufanya mambo mawili: hawampigi vya kutosha, au humkatakata kabla hajalainika. Ukichoma uma na ukaingia bila kusukumwa, ndipo ukate.

Nazi mbili zikunwe kwa mbuzi. Tui la kwanza, zito, kikombe kimoja, liweke kando. La pili, jepesi, vikombe viwili. Kaanga kitunguu kimoja kikubwa, thomu punje 5 na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, vyote vimetwangwa isipokuwa kitunguu, tia nyanya 3, bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, kisha pweza na tui jepesi. Likipungua nusu, mimina tui zito, tumbukiza pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, punguza moto na ukoroge upande mmoja bila kufunika. Likichemka kwa nguvu tui linakatika, unapata mafuta juu na maji chini. Ndimu ni baada ya kuepua. Kula kwa wali mweupe.

Ukila kwa mama lishe wa kijijini, agiza asubuhi chakula cha mchana. Anaanza kukuna nazi ukishaagiza, na samaki hafiki kabla ya mashua. Siku mwambao mzima una upepo na hakuna aliyetoka, kula muhogo wa nazi au samaki wa chukuchuku wa jana, na usilalamike. Urojo na mishikaki viache kwa jioni ya mjini, Forodhani.

Kufika ni rahisi. Daladala ya Jambiani, namba 309, inatoka mjini; beba fedha ndogondogo. Njia inapita Jozani, na inafaa kushuka hapo kumuona kima punju, asiyepatikana porini popote isipokuwa Zanzibar. Kaa mita 3 mbali naye na usimlishe. Hapohapo kuna njia ya mbao ndani ya mikoko: maji yakikupwa unaona mizizi na kaa, yakijaa unaona mikoko ikielea juu ya kivuli chake. Mwezi wa Julai, Makunduchi iliyo jirani husherehekea Mwaka Kogwa, watu wakipigana kwa mabua ya migomba na kuchoma kibanda cha makuti. Mgeni hupokewa vizuri sana siku hiyo, lakini simama pembeni na vaa kwa heshima.

Heshima hiyo ni ya kila siku. Nguo za kuogelea mwisho wake ni mchanga. Ukiingia njia ya kijiji, mabega na magoti yafunikwe. Nunua doti moja ya kanga mjini, kipande kimoja ujifunge, cha pili ujitande. Salimia kwa asalaam alaykum, wakubwa shikamoo, na piga hodi hata pale mlango uko wazi. Ramadhani usile wala kuvuta sigara hadharani mchana. Ila magharibi ukikaribishwa futari, usikatae: uji wa pilipili manga, tende, viazi vitamu vya nazi, na mkate wa kumimina ulioiva kingo zake zikawa za kahawia.

Ngalawa iwe siku yako ya mwisho. Patana na nahodha jioni iliyotangulia, na umwachie yeye saa ya kuondoka. Chombo kinataka maji ya kutosha kupita juu ya mwani kwenda na kurudi, kwa hiyo siku za bamvua mtatoka alasiri, pengine saa 8 na nusu, na kugeuka kabla ya magharibi. Kaa upande wa upepo anapokuambia, na anapotweka tanga inamisha kichwa, kwa sababu foromali, mti unaoshika tanga, huvuka kwa kasi.