Kumbukumbu ya mradi wangu: kuorodhesha vitabu vya nyumbani kwetu

9 Februari

Leo nimefungua sanduku la kwanza. Vitabu vya nyumbani kwetu Morogoro vimekaa katika masanduku matatu ya bati na kabati moja la mninga tangu baba alipofariki, na masika iliyopita mchwa walipenya katika kabati wakala kona za vitabu kumi na viwili. Mama hakufoka. Alisema tu kwamba vitabu hivi ama vipate mwenyewe ama vigawiwe, nami nikaelewa kuwa mwenyewe ni mimi.

Nimehesabu vitabu 634, vinavyotokana na watu watatu. Baba alifundisha historia katika shule ya sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na vyake ni 371, vyote vya historia ya siasa, hasa ya Afrika. Mama alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto hadi alipostaafu mwaka 2009, na vyake 148 ni vya tiba na lishe ya watoto. Vilivyobaki, 115, ni vya kaka yangu aliyesomea kompyuta kisha akahamia Mwanza na begi moja tu. Karibu vyote vinahusu programu za kanzidata, yaani hazina za taarifa zilizopangwa ndani ya kompyuta. Hakuna hata riwaya moja, jambo ambalo utotoni nililiona la kawaida na sasa linanishangaza.

Ninachotaka ni orodha itakayonionyesha tuna nini, kiko wapi na nani amekiazima, kwa sababu wanafunzi wa uuguzi humjia mama kila mwezi, na walimu wa historia bado hupita kuulizia vitabu vya marehemu.

15 Februari

Nilianza na lahajedwali (kama Excel), nikaiacha kabla ya kitabu cha hamsini. Kilichonishinda ni kitabu cha Walter Rodney kuhusu namna Ulaya ilivyodumaza maendeleo ya Afrika: nakala ya baba ni ya mwaka 1972, na toleo hilo lilitolewa kwa pamoja na Bogle-L'Ouverture ya London na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam. Nikiwaandika wachapishaji wawili katika chumba kimoja, siwezi tena kuuliza ni vitabu vingapi vilivyotolewa Dar es Salaam bila kuyachambua maneno. Nikikiandika kitabu mara mbili, hesabu imeharibika. Edgar Codd wa IBM alilipatia tatizo la aina hii jibu mwaka 1970, alipopendekeza kwamba data itunzwe katika majedwali yanayohusiana kwa thamani zilizomo ndani yake, na maelezo ya jibu hilo yalikuwa yamelala katika sanduku la kaka, hatua mbili kutoka mezani pangu.

Nimechagua SQLite, programu ya kutunza kanzidata. Kanzidata nzima ni faili moja ninaloweza kulinakili kwenye flashi, haihitaji seva, na haidai leseni, kwa kuwa D. Richard Hipp, aliyeitoa mara ya kwanza mwaka 2000, ameiacha kuwa mali ya umma. Nina majedwali ya vitabu, watu, wachapishaji, mada na maazimo, pamoja na majedwali madogo ya kuyaunganisha hayo. Atakayefuata njia hii ajue kwamba, kwa kawaida yake, SQLite haisimamii funguo za kigeni, yaani viungo kati ya jedwali moja na jingine, mpaka iamriwe kila unapofungua muunganisho, kwa amri ya PRAGMA foreign_keys = ON. Mimi nilisahau kwa siku mbili, nikajikuta na vitabu kumi na saba vya waandishi wasiokuwamo katika jedwali la watu.

23 Februari

Juma hili lote limeliwa na ISBN, namba ya utambulisho inayochapwa kwenye kitabu. Nilitangaza safuwima yake kuwa ya namba kamili, kosa la mtu aliyeona tarakimu akadhani ni hesabu. Namba za zamani za tarakimu 10 za vitabu vya Kiingereza kutoka Uingereza na Marekani mara nyingi huanza na sifuri, na SQLite ikipokea maandishi yanayofanana na namba ndani ya safuwima ya namba huyageuza kuwa namba, na sifuri ya mbele hupotea. Kilichonichanganya ni kwamba vitabu vichache vilibaki na sifuri zao salama. Jioni nzima ilipita kabla sijagundua kwamba vyote hivyo vinaishia na herufi X. Katika mfumo ule, tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi, hukokotolewa kwa masalio ya kugawanya kwa 11, na inapotokea kuwa 10 huandikwa X ili ienee katika nafasi moja. Kwa kuwa X si tarakimu, programu iliyaacha maandishi hayo kama yalivyo.

Sasa safuwima ni ya maandishi, na nimeandika programu fupi inayorudia ukokotoaji ule kwa kila namba. Imenasa makosa 23 ya vidole vyangu, mengi yakiwa ni tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Namba hizi zina msaada mwingine kwa vitabu vilivyoliwa na mchwa: 9976 na 9987 ni za Tanzania, 9966 ni ya Kenya na 9970 ni ya Uganda, hivyo hata pale ukurasa wa mchapishaji ulipotoweka, jalada la nyuma bado hunieleza kitabu kilikotoka. Lakini vitabu vya baba vya miaka ya sitini havina ISBN kabisa, kwa hiyo ufunguo mkuu wa jedwali ni namba yangu mwenyewe, niliyoiandika kwa penseli ndani ya kila jalada.

9 Machi

Upande wa baba umenifundisha kwamba majina ya nchi si data tulivu. Nina vitabu vinavyosema Tanganyika, vinavyosema Tanzania, na viwili vinavyozungumzia Afrika Mashariki ya Wajerumani. Nina Zaire, jina lililodumu kuanzia 1971 hadi 1997, nina Rhodesia, na nina Dahomey, ambayo tangu mwaka 1975 inaitwa Benin. Nikitumia jina la leo kwa vyote, ninamfanya mwandishi wa mwaka 1960 azungumzie nchi ambayo hakuijua. Nikiacha kila jina kivyake, mwanafunzi anayetafuta Tanzania hatakiona kitabu kuhusu chama cha TANU kilichoandikwa kabla ya Muungano wa Aprili 1964. Nimetengeneza jedwali la mahali na jedwali la majina ya mahali, kila jina likiwa na mwaka lilipoanza kutumika na mwaka lilipokoma. Ukitafuta kwa jina lolote unapata yote, na kila kitabu kinabaki na jina lake.

Vitabu vitatu vya hotuba na maandishi ya Mwalimu Nyerere, Uhuru na Umoja, Uhuru na Ujamaa, na Uhuru na Maendeleo, vilihitaji dawa hiyo hiyo, kwa sababu kila kimoja kina jina la Kiingereza na la Kiswahili kwenye jalada moja, na nimegundua kuwa wageni wetu wazee huyataja kwa Kiswahili na vijana kwa Kiingereza.

30 Machi

Mama amekaa nami mezani Jumamosi mbili mfululizo, na mradi umebadilika.

Nilikuwa nimepanga vitabu vyake kwa uzuri wa hali yake, vilivyo safi mbele. Alikishika cha kwanza, mwongozo wa tiba ya watoto wa miaka ya tisini, akausoma mgongo wake na kukiweka kando.

"Hiki usimpe mtoto wa watu."

"Mbona ni kizima, mama? Hata kona haijaliwa."

"Ndiyo ubaya wake."

Kisha akanifungulia kurasa. Sura ya malaria inaagiza klorokwini, dawa ambayo Tanzania Bara iliiacha mwaka 2001 na kuweka SP (salfadoksini na pirimethamini), kisha mwaka 2006 ikahamia dawa mseto. Sura ya malaria kali inaagiza kwinini kwa dripu; mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwamo, yaliyoonyesha kuwa vifo vilikuwa asilimia 10.9 kwa waliopewa kwinini na asilimia 8.5 kwa waliopewa artesuneti, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadili maelekezo yake. Sura ya kuharisha ina ORS (maji ya chumvi na sukari ya kunywesha) ya zamani yenye sodiamu milimoli 90 kwa lita, ilhali fomula iliyopitishwa mwaka 2002 ina 75, wala haisemi neno kuhusu vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14.

Lakini ukurasa alioukalia muda mrefu ni ule wa mtoto mwenye homa kali aliyeanza kupoa mikono na miguu. Kitabu kinaelekeza amiminiwe maji mengi kwa mshipa kwa kasi. Mama alifundishwa hivyo na kuwafundisha wengine hivyo. Mwaka 2011, miaka miwili baada ya yeye kustaafu, yalitoka matokeo ya utafiti uitwao FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141: katika saa 48 walifariki asilimia 7.3 ya wale ambao hawakumiminiwa maji kwa kasi, na zaidi ya asilimia 10 ya wale waliomiminiwa. Aliyemweleza habari hizo ni muuguzi kijana aliyekuja kuazima kitabu hiki hiki. Mama alinisimulia hayo bila kuinua macho, akakifunga, akaomba tuendelee na kingine, nami sikuuliza zaidi.

Usiku ule nilirudi kwenye safuwima ya mwaka wa kuchapishwa, nikaona kwamba nimeifanya iseme jambo moja kwa vitabu vya aina tatu. Kwa baba, mwaka wa zamani ni thamani: hotuba iliyochapwa katika miezi ya Azimio la Arusha la 1967 inazidi uchambuzi wake wa baadaye. Kwa mama, mwaka wa zamani ni hatari. Kwa hiyo jedwali la vitabu limepata safuwima mpya, hadhi ya matumizi, yenye thamani tatu: cha kutendea kazi, cha kusomea kwa tahadhari, na cha historia. Anayeijaza kwa vitabu vya tiba ni mama peke yake.

Kwa mpangilio wa rafu nimetumia namba za Dewey, mfumo wa maktaba wa kupanga vitabu kwa mada. Tiba ya watoto ni 618.92 na tiba ya wazee ni 618.97, zote chini ya namba ile ile ya uzazi na magonjwa ya wanawake. Mama alicheka sana aliposikia kwamba yeye na wagonjwa wake wa zamani wanakaa rafu moja.

6 Aprili

Vitabu vya kaka nimevimaliza kwa siku moja, kwa msaada wake kwa simu. Vile vinavyofundisha kanuni za kusanifu majedwali, hata vya miaka ya themanini, nimevipa hadhi ya kutendea kazi, kwa sababu ndivyo vilivyonitoa katika lahajedwali. Miongozo ya dBASE III, programu ya zamani ya kanzidata, na ya matoleo ya kwanza ya Microsoft Access, ambayo hueleza bonyeza hapa na bonyeza pale kwenye skrini ambazo hazipo tena, ni ya historia. Kaka alibisha kuhusu dBASE akisema bado yako mafaili yake ya aina ya DBF katika ofisi nyingi, na hilo ni kweli, kwa hiyo kimoja nimekiweka katika tahadhari ili aridhike.

20 Aprili

Kosa kubwa la mradi huu hadi sasa, na ni langu. Ili kurahisisha kazi ya mama, niliiomba kanzidata inipe vitabu vyote vya tiba vilivyochapishwa kabla ya mwaka 2013 ili avikague, na vingine vyote vya tiba nikavipeleka rafu ya kuazimisha. Juzi mama aliipitia rafu hiyo akipangusa vumbi, akatoa kijitabu cha lishe na dawa za watoto kisicho na jalada, kilichojaa klorokwini.

Sababu ni hii. Kitabu ambacho mwaka wake haujulikani nilikiachia nafasi tupu, kama vitabu vya kanuni vinavyoshauri, lakini nafasi tupu ikilinganishwa na 2013 haitoi jibu la kweli wala la uongo, na SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata maswali, hurudisha tu safumlalo ambazo jibu lake ni kweli. Vitabu tisa visivyo na mwaka, ambavyo ndivyo vichakavu kuliko vyote na vilivyostahili kukaguliwa mwanzo, vilipita kimyakimya. Nimeshaligeuza swali: sasa kitabu cha tiba hakiendi kuazimishwa ila hadhi yake iwe imeandikwa kwa mkono wa mama, na mwaka hauna tena sauti katika uamuzi huo. Daftari la maazimo linaonyesha kuwa hakuna hata kimoja kati ya tisa kilichotoka nyumbani. Nililisoma mara mbili.

4 Mei

Mama amemaliza. Kati ya vitabu vyake 148, vya kutendea kazi ni 31, vya tahadhari ni 44, na 73 ni vya historia. Nilidhani hivyo 73 vitakwenda kuwashia moto, naye akaniuliza kama baba yangu aliwahi kuchoma kitabu kwa sababu serikali iliyomo imeanguka.

Mfano alionipa ni kitabu kilichohaririwa na Maurice King, kilichotokana na kongamano la Makerere na kutolewa na Oxford University Press, Nairobi, mwaka 1966. Dozi zake hazifai tena. Lakini kinaeleza namna ya kuendesha huduma za afya mahali penye fedha kidogo, zahanati ya watoto wa chini ya miaka mitano ikiwemo, katika miaka ile ile nchi zetu zilipokuwa zikijipanga baada ya uhuru, na hayo ni mambo ya siasa sawa na hotuba yoyote. Kwa kuwa jedwali la mada linaruhusu kitabu kuwa na mada nyingi, nimekipa mbili, tiba ya watoto na historia ya siasa, na vingine 26 vimepata nyongeza hiyo hiyo.

Mbao hazina uwezo huo. Kitabu hukaa mahali pamoja. Nilipanga orodha ya historia kwa mwaka na mchapishaji, ikakileta kitabu cha King jirani na Uhuru na Umoja, cha mwaka ule ule na mchapishaji yule yule. Mama alisoma mistari hiyo miwili kwenye kompyuta, akainuka, akakitoa chake katika rafu yake na kwenda kukisimamisha kando ya cha baba.