Siku moja maishani mwangu: naandika maombi ya waliohamishwa na vita

Nikisema nafanya kazi na familia za Gaza, watu hunifikiria nikiwa juu ya lori la unga, nimevaa fulana yenye nembo. Sipo huko. Niko Cairo, ghorofa ya tatu, Hay al-Sabi katika Madinat Nasr, na vifaa vyangu ni kompyuta, simu mbili na daftari la hesabu. Nilikuja Misri kusoma Al-Azhar, nikabaki. Shirika letu ni dogo, tupo wanne. Napokea maombi kwa Kiarabu, nayahakiki, nayaandika kwa Kiswahili kwa ajili ya wachangiaji wa Tanga, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, kisha nafuatilia mchango mpaka ufike mkononi mwa mwenyewe. Ninayoisimulia hapa ni Jumapili, tarehe 24 Agosti 2025.

Saa 11 alfajiri

Mwezi wa Agosti, saa za Cairo, za Gaza na za Dar es Salaam huwa moja. Wenzetu Misri husogeza saa kipindi cha joto, na Gaza vilevile, tukalingana. Nimelizoea jambo hili kiasi kwamba nikiamka na kuitazama saa, nawaona wote watatu kwa mpigo: mchangiaji anayetia udhu, mimi, na mtu aliyelala kwenye hema.

Simu ilikuwa na jumbe za sauti 61. Kwa kawaida huwa 30 au 40. Ila juzi yake, Ijumaa tarehe 22, mfumo wa kimataifa wa kupima uhaba wa chakula, IPC, ulikuwa umetangaza rasmi baa la njaa katika mkoa wa Gaza, na kwamba katika Ukanda wa Gaza mzima watu zaidi ya nusu milioni wako kwenye ngazi ya mwisho kabisa. Watu wenye njaa hawakuhitaji kutangaziwa. Lakini walisikia kwamba dunia imesikia, basi wakashika simu.

Nilizisikiliza zote huku napika chai. Karibu nusu zinaanza vilevile: "Samahani dada kwa kukusumbua." Mtu ana siku mbili hajala, na neno lake la kwanza ni kuniomba radhi mimi.

Saa 3 asubuhi

Alikuja mama wa Gaza mjini, fundi cherehani, amepanda ngazi zote zile kwenye joto. Alitoka Februari 2024 na wanawe watatu. Siku zile kuvuka mpaka wa Rafah kuingia Misri kulikuwa kwa malipo: dola 5,000 mtu mzima, dola 2,500 mtoto wa chini ya miaka 16. Kwao wanne ikawa dola 12,500. Aliuza dhahabu yake ya harusi, zilizobaki akazipata kwa kuomba watu mtandaoni. Mumewe alibaki kutafuta nauli yake. Tarehe 7 Mei jeshi la Israeli likakishika kivuko cha Rafah, mlango ukafungwa, na siku ile mama alipokuja kwetu mume alikuwa bado upande wa pili.

Sisi wa Afrika Mashariki tunazijua kambi. Nyarugusu, Kakuma, Dadaab: mtu akifika husajiliwa, hupewa kadi, na ile kadi ni mwanzo wa kupata chakula, dawa na shule. Mpalestina aliyeingia Misri hana kadi hiyo. UNRWA, shirika lililoundwa 1949 kwa ajili ya Wapalestina, linafanya kazi Jordan, Lebanon, Syria, Ukingo wa Magharibi na Gaza, Misri haimo. UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, nalo haliwasajili hapa. Ubalozi wao ulisema waliovuka ni kama watu 100,000. Wengi waliingia kwa viza fupi zilizokwisha zamani, na bila ukaazi mtoto haandikishwi shule ya serikali, wala mama hawezi kuajiriwa kihalali. Ndiyo maana wanapanda ngazi zetu.

Alikuwa na karatasi ya ombi aliyoandikiwa na jirani. Mstari wa kwanza ulisema, "Sisi ni familia maskini kutoka Gaza." Neno "maskini" alikuwa amelikata kwa kalamu, mistari miwili.

"Khalti, umelikata mwenyewe?" nikamuuliza.

"Mimi, binti yangu. Mimi si maskini. Nimehamishwa."

Tukakaa juu ya neno hilo moja karibu nusu saa, na sioni kama nilipoteza wakati. Bibi yake alifukuzwa Jaffa, mji ambao sasa uko Israeli, mwaka 1948, miongoni mwa Wapalestina zaidi ya 700,000, na tangu hapo familia ikaitwa laji'in, wakimbizi, ingawa yeye na mama yake wamezaliwa Gaza. Vita hivi vilipoanza akaitwa naziha, mtu aliyehamishwa ndani ya kwao. Alipovuka akaja Misri, hakuna aliyempa jina lolote. Nami nikitafuta Kiswahili chake nakwama: "mkimbizi" linamwonyesha msomaji wangu kambi na kadi, vitu ambavyo yeye hana. Mwisho nikaandika: "Fundi aliyeshona kwa cherehani miaka 22, mama wa watoto watatu, amehamishwa na vita." Nikamsomea kwa Kiarabu. Akaitikia kwa kichwa, akasema hiyo ndiyo.

Muda wote huo alikuwa akiutazama mkono wangu. Pindo la baibui langu lilikuwa limefumuka, sikujua. Alitoa sindano kwenye mkoba, akang'ata uzi, akashona hapohapo huku nikimuuliza kodi ni kiasi gani. Mshono mdogomdogo, umekaa sawasawa, hauonekani mpaka uupapase kwa kidole. Alichoomba ni kodi ya miezi miwili na cherehani. "Nikipata cherehani hutaniona tena hapa," alisema. "Nitakuja kukusalimia tu."

Saa 5 na kuendelea

Hapa ndipo siku iliponila.

Waumini wa msikiti mmoja wa Tanga walikuwa wamechanga shilingi 500,000. Kwa bei ya siku ile ni kama dola 200, na hizo ni kama 680 za shekeli, fedha ya Israeli inayotumika Gaza. Ziliandikwa kwa jina la baba mmoja wa watoto wanne aliyeko Deir al-Balah, katikati ya Ukanda. Kwao ni Beit Lahia. Aliondoka Oktoba 2023, baada ya amri ya jeshi la Israeli ya tarehe 13 iliyowataka watu milioni 1.1 wa kaskazini waende kusini. Akapita Nuseirat, Khan Younis, kisha Rafah. Rafah ilipovamiwa akakimbilia al-Mawasi. Vita viliposimama Januari 2025, akawa miongoni mwa mamia ya maelfu waliorudi kaskazini kwa miguu kando ya bahari. Alikuta nyumba ni kifusi, akasimika hema juu ya kifusi chake mwenyewe. Tarehe 18 Machi mabomu yakarudi, naye akarudi barabarani. Nilipomuuliza amehama mara ngapi, alihesabu kwa kumuuliza mkewe.

Zile 680 nilimtumia kwenye pochi ya simu, mfano wa M-Pesa yetu. Asubuhi akaniandikia: ameshika taslimu shekeli 408. Nikaupeleka ujumbe wake Tanga, kama desturi. Hazikupita dakika kumi, simu ikalia. Ni mweka hazina wao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hapa kuna jambo halijakaa sawa. Sisi tumetoa 680. Huyu bwana anasema kapata 408. Hizo 272 kala nani?"

"Ni makato, mzee."

"Makato ya asilimia 40? Wakala gani huyo?"

Nikaanza kumweleza, na nikaeleza mara tano siku ile kwa watu watano. Tangu Oktoba 2023 Israeli ilikuwa haijaruhusu noti mpya ziingie Gaza. Matawi ya benki yalikuwa yamebomolewa au yamefungwa, mashine za kutolea fedha vivyo hivyo. Noti zilizokuwamo ndizo hizohizo zilizokuwa zikizunguka, na kila siku zikipungua. Fedha kwenye simu ilikuwapo, lakini aliyeuza maji ya boza alitaka taslimu, na mwenye nyanya tatu juu ya kitambaa alitaka taslimu. Basi aliyekuwa na noti aliziuza: ulimrushia 100 kwenye simu, akakupa 60 mkononi. Baba yule hakuibiwa na mtu mmoja ambaye tungeweza kumripoti mahali.

Mzee alisikiliza, akasema atawaeleza wenzake. Wenzake hawakukubali. Simu ya pili walikuwa watatu kwenye laini moja. Mmoja akasema mtandaoni kumejaa matapeli wanaotumia majina ya Gaza. Ni kweli, nikamkubalia. Wapo wanaoiba picha za familia halisi na kuzichangishia fedha wasizozipeleka, na ndiyo maana sisi tunalinganisha jina la kitambulisho na jina la pochi, tunapiga simu ya video fupi, na tunauliza watu wawili wanaoishi jirani na hema. Mwingine akasema basi atume video aseme mwenyewe kapata ngapi. Na aonyeshe watoto. Ikiwezekana aonyeshe wanavyolia, watu wataguswa, watachanga tena.

Hapo nilikataa. Nilikataa kwa adabu, maana ni watu wazima na wametoa mali yao kwa nia njema, lakini nilikataa. Mtoaji ana haki ya kujua fedha yake imekwenda wapi. Hana haki ya kumtazama mtoto wa mwenzake akilia ili aamini. Nilisema hivyo, laini ikawa kimya, kisha ikakatika. Sikujua kama ni mtandao au ni wao.

Nikampigia baba wa Deir al-Balah. Haipatikani. Nikapiga tena. Nilipiga mara 14, katikati nikijibu simu za Tanga na kuandika maombi mengine mawili. Chakula cha mchana sikula, na siku zile kulalamika kwamba sikula ningeona haya. Saa 9 hivi ikaingia. Sauti yake inakuja na kupotea kama mtu anayeongea huku anatembea.

Nilijaribu kuuliza kwa upole. Akanielewa kabla sijamaliza.

"Wanadhani nimewadanganya."

"Hawadhani hivyo, baba. Hawaijui hali ya noti."

"Kama wanataka video nitarekodi. Nitawaita watoto."

"Usiwaite watoto."

Akanyamaza. Kisha akaniambia nisubiri. Baada ya muda zikaja picha mbili. Ya kwanza ni taarifa ya pochi: imeingia 680, imetoka 680, tarehe na saa. Ya pili ni kiganja chake kilichofunguka, na juu yake noti ya shekeli 20. Noti yenyewe imechakaa mpaka rangi yake nyekundu imekuwa ya waridi iliyopauka, imepasuka katikati na kuunganishwa kwa gundi, kona moja imejaziwa kipande cha karatasi nyembamba. Gaza siku zile kulikuwa na watu walioishi kwa kazi hiyo: walikaa na meza ndogo, wembe na gundi, wakitibu noti kwa malipo. Hii ilikuwa imeshatibiwa mara mbili. Ilikuwa ndani ya zile 408, na muuza unga ameikataa.

Nikazituma zote mbili Tanga. Hakuna aliyejibu.

Jioni

Kuanzia hapo saa sikuzitazama tena. Tulipeleka vikapu sita vya chakula Hay al-Ashir, mtaa mwingine wa Madinat Nasr: mchele, mafuta, dengu, sukari, maziwa ya unga. Lifti hakuna katika majengo mawili. Miguu ilikuwa mizito, na kila mlango unaofunguka wanataka uingie, ukae, unywe chai, hata kama sukari ya chai hiyo ndiyo umewaletea wewe. Huwezi kukataa milango yote. Nilikunywa kwenye miwili. Kwa wa pili, mwanafunzi wa kike alikuwa anasoma hisabati kwenye simu ya mama yake, masomo yanayotolewa kwa mtandao kutoka Ramallah, na dada zake wawili wanangojea zamu ya simu hiyohiyo.

Nyumbani nilifika usiku umeshaingia. Nilivua baibui, nikauona tena ule mshono wa pindoni.

Nilikuwa sijalala mzee aliponipigia. Safari hii alikuwa peke yake.

"Nimeiona hiyo noti," alisema. "Nimeuza duka miaka 30, noti iliyochoka naijua. Sisi hapa ikichoka hivyo unaipeleka benki, wanakupa nyingine. Yeye aipeleke wapi?"

"Hana pa kuipeleka, mzee."

"Watoto wamekula?"

"Leo wamekula. Amepata unga kwa zile zilizokubalika."

Akashusha pumzi. Akaniuliza kama nimeshafunga hesabu ya Tanga. Nikamwambia daftari liko mbele yangu: zilizotumwa 680, zilizomfikia 408, na safu ya tatu, ya maelezo, bado iko wazi, kwa sababu kila neno nililojaribu, makato, hasara, gharama, naona halisemi kilichotokea.

"Andika zimeliwa na vita," akasema. "Andika hivyo hivyo, 272 zimeliwa na vita. Ijumaa nitawasomea mwenyewe."

Nikaandika.