Uvimbe kwenye kovu la upasuaji wa uzazi

Mwanamke aliyejifungua kwa upasuaji anapokuja kliniki hapa Kampala akilalamika kwamba kovu lake lina uvimbe unaouma, kwanza huambiwa ni jipu, kisha huambiwa ni ngiri. Mimi hufanya kazi ya skani ya ultrasaundi, na naandika haya kwa sababu kuna ugonjwa wa tatu ambao usipotajwa hautafutwi: endometriosisi ya ukuta wa tumbo.

Chembe zinazofanana na za utando wa ndani wa mfuko wa uzazi hubaki katika kidonda wakati wa upasuaji, zikaota kwenye mafuta ya chini ya ngozi au kwenye misuli, na kwa kuwa zinaitikia homoni kama utando wenyewe, huvimba na kuvuja damu mahali ambapo damu haina pa kutokea. Ni tatizo la wachache, chini ya asilimia 1 ya waliopasuliwa, na mara nyingi hujitokeza baada ya miaka, wakati hakuna tena anayeukumbuka upasuaji.

Mama mmoja, mfanyabiashara wa soko la Owino, alikuwa amemeza antibiotiki za kila aina. Nilimwuliza kama uvimbe huuma zaidi akiwa mwezini. Alifikiri kidogo, akasema, “Musawo (yaani daktari), huanza siku mbili kabla, na damu ikikata nasahau kama upo.” Jibu hilo lina uzito mkubwa, ingawa wapo wanaoumwa mwezi mzima, na hao wasiondolewe kwenye orodha.

Fomu yake ilidai nipime nyonga tu. Skani alizokuja nazo zilieleza kwamba mfuko wa uzazi na ovari havina tatizo, na hilo lilikuwa kweli. Ila kichwa kipana cha mashine, kinapowekwa kuangalia kina kirefu, hupita juu ya ukuta wa tumbo bila kuuona vizuri. Nilichukua kile bapa tunachopimia tezi ya shingo, nikakiweka pembeni mwa kovu, penye maumivu. Palikuwa na uvimbe mweusi kuliko mafuta yaliouzunguka, wenye kingo zisizo sawa, na mshipa mdogo wa damu ukiingia ndani yake. Nilimwomba akohoe: haukutokeza, wala hapakuwa na tundu la kupitisha utumbo. Daktari anayejaza fomu angetusaidia sana kwa kuandika tu “uvimbe kwenye kovu, angalia ukuta wa tumbo”.

Hata hivyo skani haikati shauri. Uvimbe unaosababishwa na nyuzi za kushonea, au uvimbe wa desmoidi (unaoota kwenye tishu zinazoshikilia misuli), huweza kufanana na huu. MRI, picha ya mashine ya sumaku, huonyesha vizuri umepenya misuli kiasi gani, lakini gharama yake wengi hawaiwezi. Daktari wa upasuaji anapaswa kuushuku mapema, kwa sababu huukata pamoja na takriban sentimita 1 ya nyama isiyo na ugonjwa kuuzunguka, na utando wa misuli ukiguswa huenda akahitaji wavu wa kuziba pengo.

Kinachothibitisha ni kipande kilichokatwa kuangaliwa kwa darubini. Mara nyingi ndugu ndio hukabidhiwa kopo la fomalini, dawa ya kukihifadhi kipande hicho, walipeleke maabara wenyewe, kwa hiyo dada yangu, kabla hujaingia chumba cha upasuaji uliza kipande kitapelekwa wapi na nani atakibeba. Majibu yakitoka, soma pia mstari unaohusu kingo za kipande, maana ugonjwa ukibaki pale huota upya.