Kichwa cha Mteja, Mwili wa Mfalme

Jumatatu asubuhi nilikuwa nimesimama mbele ya geti la dhahabu la Versailles, jumba la wafalme wa zamani wa Ufaransa nje ya Paris, mimi na njiwa. Jumba hufungwa kila Jumatatu. Dada akanipigia simu nikiwa bado nakodolea macho kufuli. "Si nilikwambia uangalie siku?" Hakuniambia, lakini kwetu mkubwa hakosei. Nikapanda treni kurudi Paris, dakika 40 na ushee, nikaelekea Louvre, jumba la makumbusho. Kule wanafunga Jumanne, kwa hiyo bahati yangu haikuwa mbaya sana.

Kilichonitoa Dar ni mteja. Mzee mmoja mwenye ukumbi wa harusi alinionyesha picha kwenye simu yake: Louis wa 14 wa Ufaransa, joho begani, mkono kiunoni, wigi kama kichaka. "Fundi, nitolee hii hii, ila kichwa weka changu." Anataka ikae ukutani nyuma ya viti vya maharusi. Nikapokea advansi, nikakata turubai, nikakwama kwenye joho. Kila picha ya intaneti ilikuwa na bluu yake. Safari ya kumwona dada nilikuwa nayo tangu mwaka jana, nikaona nauli moja ifanye kazi mbili. Shemeji alicheka mpaka akakohoa: "Umepanda ndege kuja kutazama bluu!"

Basi nikaitazama. Bawa la Sully, ghorofa ya pili, magoti yanalia kwa ngazi. Hyacinthe Rigaud alimchora mfalme mwaka 1701, na picha ina sentimita 277 kwa 194. Kwenye simu hujui kwamba mtu huyu atakutazama kwa juu. Bluu ya joho si moja: kwenye mikunjo inazama karibu na weusi, kwenye bega inang'aa. Maua ya yungiyungi ya dhahabu ukiyasogelea hayana dhahabu hata chembe. Ni kahawia, njano, halafu nukta nzito ya rangi iliyopauka mahali ambapo uzi ungeshika mwanga. Mimi nilijifunza kushika brashi kwa rangi za makopo, zile za kupakia baiskeli, zinazokauka kabla hujajuta. Rangi ya mafuta inakupa muda wa kujuta, na Rigaud aliutumia vizuri.

Kitu nilichokuwa nakitafuta hasa kilikuwa usoni. Rigaud aliuchora uso wa mfalme peke yake, kwenye kipande kidogo cha turubai, kisha kikaunganishwa na turubai kubwa. Nikasogea kushoto ili mwanga ulale, nikautafuta mshono kuzunguka wigi. Nikauona, au nilijiaminisha nimeuona. Mlinzi alikuwa ameshaanza kunitazama vibaya.

Yaani hata mfalme mwenyewe ni kichwa kilichobandikwa. Wakati huo alikuwa na miaka 63 na gauti ikimtesa, lakini ile miguu ndani ya soksi nyeupe ni ya kijana mcheza dansi, kama alivyokuwa enzi zake. Na karakana ya Rigaud ilikuwa na mafundi wa kila kitu, huyu nguo, yule maua. Malipo yao yamo kwenye daftari lake la hesabu. Humo pia kuna "vazi la kurudia": unaleta uso wako, unavishwa nguo na mkao alioubuni kwa mtu mwingine. Nilimfikiria mzee wangu wa ukumbi, ambaye nilikuwa namcheka kimoyomoyo miezi miwili mizima.

Ghorofa hiyo hiyo, upande wa Richelieu, nilimkuta mama wa makamo ameketi mbele ya Charles wa Kwanza wa Uingereza, yule aliyechorwa na Van Dyck akiwa ameshuka farasi mawindoni. Alikuwa ananakili mkono wa koti la satini, sehemu hiyo tu. Louvre imewaruhusu wanakili tangu 1793, kwa masharti: nakala izidi au ipungue ile ya asili kwa sehemu moja ya tano, saini ya bwana usiiguse, na nyuma inagongwa muhuri. Kifaransa changu kinaishia kwenye salamu. Nikaonyesha mkono wa koti, nikasema nyeupe, nikainua kidole gumba. Akatikisa kichwa, akanigeuzia kibao chake cha rangi. Kijivu, bluu iliyofifia, waridi kidogo, kitu kama maziwa ya chai. Nyeupe yenyewe ilikuwa kipande cha ukubwa wa punje ya mchele, na hakuwa ameigusa bado.

Jumanne nikarudi Versailles, safari hii geti wazi na umati umefurika. Kwenye Sebule ya Apollo yupo mfalme yule yule, joho lile lile. Mwanzoni picha iliagizwa kwa ajili ya mjukuu wake, Philip wa Tano wa Hispania, lakini Louis akaipenda mno, akaibakiza na kuagiza nakala. Inayoning'inia Versailles leo ni nakala. Watu wanaipiga picha, wanasukumana, wanapita. Nami nikasimama na simu yenye picha ya Louvre mkononi, nikalinganisha. Bluu yake ni nyingine kabisa.

Jioni nikampigia mzee. Nikamweleza habari za mshono, daftari, vazi la kurudia, na kwamba bluu nitachagua mwenyewe. Akasikiliza kimya, nikadhani laini imekatika.

"Sawa fundi. Ila miguu."

"Miguu imefanyaje, mzee?"

"Zile soksi. Wakwe watakuja pale. Joho lishushe lifike chini."

"Na viatu?"

Akafikiri. "Visigino ni vyekundu, eti?"

"Vyekundu."

"Hivyo viache vionekane."