Siku moja maishani mwangu: bushi za mbele za shangingi la mwaka 1994

Saa 11:40 alfajiri. Mwezi wa saba hapa Arusha baridi ya asubuhi inaingia mpaka kwenye mifupa ya vidole, na mshika spana ndiye anayeijua zaidi. Niliamka nikiwaza bolti mbili. Ndizo zinazoshika mikono ya mbele ya Land Cruiser ya mama mmoja anayelima vitunguu Mang'ola, na tangu juzi nimekuwa nikizilowesha mafuta ya kulegeza kutu asubuhi na jioni. Nilikunywa chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha, nikavaa ovaroli juu ya sweta, nikatoka.

Saa 12:50 asubuhi. Gereji yetu iko Unga Limited: ua wa mchanga, mjakaranda mmoja, shimo la kuingilia chini ya gari, na presi ya kusukumia bushi tuliyoiunga wenyewe kwa vyuma vya chaneli na jeki ya chupa ya tani 20. Vijana wangu wawili walikuwa wameshafungua geti na kuwasha moto wa kuotea.

Gari lenyewe ni Land Cruiser toleo la 80 ya mwaka 1994, dizeli, injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2. Watu wakiliona wanaliita shangingi la zamani, mimi naliita gari la kazi. Niseme kidogo lilivyoundwa, maana bila hilo siku yangu yote haitaeleweka. Land Cruiser kubwa iliyolitangulia, ile 60, ilikalia springi za vyuma bapa vilivyopangwa, na springi hizo hufanya kazi mbili: zinabeba gari na zinaishika ekseli, ule mhimili unaounganisha tairi la kushoto na la kulia, mahali pake. Mwaka 1990 ilipokuja 80, ikaja na springi za kuzunguka mbele na nyuma. Springi ya kuzunguka inajua kubeba tu. Ekseli ikitaka kwenda mbele, nyuma au pembeni, haina namna ya kuizuia. Kwa hiyo mbele kuna mikono miwili mizito, mafundi tunaiita aamu, inayotoka kwenye ekseli kwenda kwenye chesisi, yaani fremu ya gari, na fimbo moja ya kukingama inayozuia ekseli isihame kushoto au kulia. Nyuma mikono iko minne, na fimbo yake. Kila kichwa cha mkono na kila ncha ya fimbo ina bushi ya mpira, kiungo laini kati ya chuma na chuma. Hesabu yake ni mbele 8, nyuma 10. Bushi hizo 18 zikichoka, gari la tani mbili na zaidi linakuwa halijui ekseli zake ziko wapi.

Ndivyo lilivyokuja kwetu siku nne zilizopita. Mama aliniambia, "Mwanangu, likivuka kashimo tu linatikisa kichwa kama ng'ombe anayekataa kamba." Kisha akaongeza jambo lililonikaa rohoni: bushi zote zilibadilishwa mwaka jana, kwenye gereji nyingine. Spea alinunua mwenyewe, kwa hela ya vitunguu vya msimu mzima. Zilipokufa baada ya miezi minane, fundi wa kule akamwambia ameuziwa feki. Tangu siku hiyo mama hakanyagi tena duka lile.

Saa 1:15. Jana tulimaliza nyuma, leo ni zamu ya mbele. Kabla ya kunyanyua gari napima kwa futi, kutoka katikati ya habu, kitovu cha tairi, hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, kila upande. Kulia sentimita 49, kushoto 47. Springi zimechoka na hazikuchoka sawa. Naandika kwa chaki kwenye mlango wa gereji.

Halafu kijana mmoja anakaa kwenye kiti, anawasha injini, anauzungusha usukani kidogo kidogo kulia na kushoto, nami nimelala chini, kiganja juu ya kila kiungo. Kiungo kizima hukisikii. Kibovu kinakugonga mkononi. Ncha ya fimbo ya kukingama upande wa chesisi ilicheza nusu kidole. Tairodi, vile vyuma vinavyogeuza matairi ya mbele, zote nzima, na hilo nilimshukuru Mungu.

Kisha kabari kwenye matairi ya nyuma, jeki, stendi mbili chini ya chesisi. Tukalishika tairi juu na chini na kulitikisa, likacheza kidogo. Nikamwambia kijana akanyage breki, mchezo ukaisha. Hapo unajua ni beringi za tairi tu, zinakazwa. Kama mchezo ungebaki na breki imekanyagwa, tungetafuta beringi za kingpini, pale tairi linapogeukia, na hiyo ni siku nyingine nzima.

Saa 2:20. Jeki ya magurudumu iko chini ya ekseli. Mikono ya mbele haitolewi yote miwili kwa pamoja hata siku moja, kwa sababu ndiyo inayoizuia ekseli isijiviringishe. Unatoa mmoja, unamaliza, unarudisha, ndipo unagusa wa pili. Wa kulia ulikubali: bolti mbili za kwenye ekseli, moja ya kwenye chesisi, ukaja mikononi mwetu saa 3 kasorobo.

Saa 3:10. Kwenye presi. Kabla ya kusukuma chochote napiga alama kwa patasi kwenye chuma cha mkono, kuonyesha bushi kuukuu ilivyokaa, maana bushi nyingi zina matundu kwenye mpira na matundu hayo yana upande wake. Wapo wanaochoma mpira kwa moto ili wamalize haraka. Mimi sichomi. Ule moshi unakaa kifuani siku mbili, na vijana hawa nimekabidhiwa na wazazi wao.

Bushi ya kwanza ilipodondoka niliifuta kwa kitambaa, nikaigeuza kwenye mwanga. Chapa ya kiwanda ipo, imezama vizuri kwenye chuma. Namba ipo. Mpira wake ulikuwa bado laini, haujakauka wala kupasuka juu juu. Ulikuwa umechanika upande mmoja tu, mchaniko mrefu uliofuata mzunguko. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo, upande ule ule. Bushi feki haifi kwa adabu namna hiyo. Hizi zilikuwa halali, na zilichanwa na jinsi zilivyokazwa.

Bushi ya aina hii ni bomba la chuma la nje, bomba dogo la ndani, na mpira ulioshikamana na yote mawili. La nje linabanwa ndani ya mkono. La ndani bolti inalibana kwenye chesisi au kwenye ekseli, lisizunguke kabisa. Mkono ukipanda na kushuka, unaojinyonga ni mpira, kisha unarudi. Sasa ukikaza bolti gari likiwa juu, ekseli inaning'inia, unauambia mpira kwamba hapo ndipo nyumbani kwake. Ukishusha gari, mpira unanyongwa na kubaki umenyongwa, njiani na hata usiku gari likiwa limeegeshwa na mwenyewe amelala. Bonde la kwanza linapokuja, haujabakiwa na nafasi ya kujinyonga zaidi. Unachanika.

Jana kule nyuma niliona dalili nikanyamaza. Bushi mbili zilikuwa bado hazijachanika kabisa, na tulipolegeza nati gari likiwa juu, mkono ulitulia tuli. Bushi iliyokazwa gari likiwa chini, ukiilegeza ekseli ikining'inia, inaruka mkononi kama mtego.

Nalijua kosa hili kwa sababu nimelifanya. Miaka yangu miwili ya kwanza nilikaza hivyo magari mengi, mpaka mzee aliyenifundisha kazi aliponilaza chini ya gari lililoshushwa, akaniamuru nilegeze nati zangu zote. Kila moja ilitoa mlio na mkono ukaruka. Hakunigombeza. Alinuna tu, akaniachia spana.

Saa 4:30. Mkono wa kushoto, bolti ya chesisi, ile niliyoamka nayo. Nati ilitoka. Bolti ikagoma, imeshikana kwa kutu na bomba la ndani la bushi, inazunguka nayo bila kutoka. Tukatia mafuta, tukagonga, tukasubiri. Tukawasha gesi: kitambaa kilicholowa juu ya mpira wa breki, ndoo ya mchanga karibu, kijana mmoja kazi yake ni kuangalia tu. Ikasogea milimita mbili, ikakataa tena. Nikaamua kuikata kwa grinda. Nimegusa chuma, umeme ukakatika.

Tukachukua msumeno wa mkono. Kata ya upande wa ndani, kata ya upande wa nje, nafasi ya kupitisha msumeno haizidi viganja viwili, na unakata umelala chali unga wa chuma ukishuka kwenye miwani. Tulipokezana watu watatu. Tuliua misumeno minne. Saa 6:50 mkono ukaanguka juu ya gunia, na jirani yetu fundi rangi akapiga makofi.

Saa 7 mchana. Mama alifika na ndoo ya vitunguu. "Shikamoo mama." "Marahaba fundi, mbona uso umekuwa wa majivu?" Nikamketisha, nikampa bushi kuukuu mkono wa kulia na mpya mkono wa kushoto. Akazigeuza muda mrefu. Chapa ile ile, herufi zile zile.

"Kwa hiyo yule wa dukani hakuniibia."

"Hakukuibia, mama. Alikuuzia kitu chenyewe."

Alinyamaza. Kisha akasema, polepole, kwamba alimtolea maneno makali yule mwenye duka, mbele ya watu. Sikuwa na la kumjibu. Yaliyobaki ni yake na mwenye duka.

Makande kwa mama ntilie wa kona, dakika 20, tukarudi.

Saa 8:10. Bushi mpya. Tundu la mkono linasuguliwa kwa msasa laini mpaka ling'ae, linapakwa maji ya sabuni, na presi inasukuma bomba la nje peke yake kupitia kipande cha bomba nilichokata kwa kipimo chake. Ukisukuma mpira au bomba la ndani umeiharibu kabla haijaingia kazini. Unapampu taratibu, unasimama, unaangalia kama imenyooka, unaendelea. Umeme haukuwa umerudi, na hapo ndipo ninapoipenda presi ya jeki. Mikono ikarudi mahali pake, bolti mpya, nati zimeshikwa kwa vidole tu. Nilimwambia kijana mara mbili: vidole tu.

Saa 9:40. Springi na shokapu. Ukifungua shokapu, fimbo ya kukingama na stabilaiza, chuma kinachozuia gari lisilalie upande, ekseli inashuka vya kutosha na springi unaitoa kwa mikono, mradi mtu anaulinda mpira wa breki usivutike. Shokapu mpya tunazisimamisha wima na kuzipampu mara tano au sita kutoa hewa iliyohamia wakati zimelala dukani.

Mtoto wa mama alikuja hapo, akataka springi ndefu ili gari lisimame juu kama anayoyaona ya watalii. Nilimkatalia na kumweleza. Kwenye 80 ukinyanyua mbele, mikono inaizungusha ekseli, ile pembe inayorudisha usukani wenyewe katikati inapungua, na gari linaanza kutangatanga kwenye lami. Kuna bushi maalumu za kurekebisha hilo, lakini gari la mama yake linabeba magunia, halihitaji urefu. Tuliweka za kimo cha kiwandani.

Saa 11 jioni. Matairi yamefungwa, stendi zimetoka, gari liko chini. Tukalitikisa bampa, tukalisukuma mbele na nyuma mara tatu lijikalishe. Tundu la fimbo ya kukingama likawa limepishana na chesisi kwa upana wa kidole. Hapo hakuna haja ya mtaimbo. Kijana akawasha injini, akazungusha usukani kidogo, bodi ikasogea juu ya ekseli, tundu likaonana, bolti ikaingia yenyewe.

Ndipo nikaingia shimoni na spana ya kupima nguvu, nikakaza moja moja, gari likiwa limesimama kwa miguu yake yote minne. Kisha nikamtoa kijana kwenye kiti, nikamwingiza shimoni, nikamwambia alegeze moja aliyoiona nikiikaza. Akalegeza. Mkono haukuruka. Akaitazama, akanitazama, akaikaza tena.

Saa 12:05 jioni. Kimo: kulia 51, kushoto 51. Tukapima matairi ya mbele kwa futi, mbele na nyuma yake, tukazungusha tairodi mpaka mbele pakawa pafinyu kwa milimita mbili. Ekseli ya kipande kimoja kama hii haina kingine cha kurekebisha bila kubadilisha vifaa.

Saa 12:30. Barabara ya mchepuo, mama kando yangu. Kilomita 40 kwa saa, 60, 80. Nililegeza vidole kwenye usukani, likaenda lilikoelekezwa. Nikarudi kwa njia ya vumbi ya Kwa Mrombo, nikatafuta mashimo badala ya kuyakwepa. Mama alikuwa ameshika mkono wa mlango kwa mazoea. Baada ya shimo la tatu akauachia.

Saa 2 usiku. Nilimwambia ende Mang'ola, arudi, anipitie nikague nati zote baada ya kilomita kama 1,000. Alilipa, akaomba mfuko wa plastiki, akatia bushi moja kuukuu, ile yenye chapa iliyosomeka vizuri kuliko zote.

"Kesho kabla ya safari napitia dukani," alisema, akawasha gari.