Nalala Dodoma, naenda Udzungwa

Ndugu zangu wa Tanga wananishangaa. Anayekwenda msitu wa Udzungwa hulala Morogoro, asubuhi akapanda basi la Ifakara pale Msamvu, akashuka Mang'ula. Mimi Morogoro nimeipita, nikaja mpaka Dodoma. Nilikuwa na faili langu la kufuatilia, na siku hizi mafaili mengi safari yake huishia huku. Faili limeshughulikiwa mapema kuliko nilivyotarajia (naam, hutokea), nami sasa nina siku nzima ya kuzurura.

Ni Septemba. Mibuyu haina jani hata moja, vumbi linaingia mpaka kwenye kurasa za daftari hili, na midomo yangu ya mtu wa pwani imeanza kupasuka. Mvua ya kueleweka haitarajiwi mpaka Desemba. Kwa mwaka mzima mji huu hupata milimita 570 au zaidi kidogo, zote katika msimu mmoja, na ukame uliobaki watu huukabili kwa maji ya visima virefu vya Makutupora. Ajabu ni kwamba katikati ya ukavu huu zabibu zimeiva. Soko la Majengo limejaa, nami tangu jana nakula zabibu kuliko chakula.

Jioni niliketi barazani na mama mwenye nyumba ya wageni, Mgogo mtu mzima, akichambua mlenda. Nilimwamkia "Mbukwenyi" kwa lafudhi yangu ya Kitanga, akacheka kwanza ndipo akaitikia.

"Huko Udzungwa unafuata nini, mwanangu?"

"Kuangalia miti, mama. Na maporomoko ya Sanje."

"Miti?" Alinyoosha kidole kwenye mbuyu ng'ambo ya barabara. "Na ule je?"

Nikamweleza kwamba maporomoko yale yana urefu wa mita 170 hivi, na kwamba kule kuna mangabei wa Sanje, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu ingawa wanakijiji walikuwa wakimjua siku zote. Habari za nyani hazikumgusa. Alitaka kujua maji.

"Maji yote hayo yanatoka wapi, na sisi huku tunachimba?"

Swali lake limenikesha. Jibu linaanzia nyumbani kwetu, baharini. Upepo wa kusi na wa kaskazi huokota unyevu Bahari ya Hindi, ukasafiri nao bara mpaka ukutane na milima: Usambara kwetu, kisha Nguru, Uluguru, Ukaguru, Rubeho, Udzungwa. Hapo hewa hulazimika kupanda, ikipanda hupoa, ikipoa hutua mzigo wake. Miteremko inayotazama bahari hunyeshewa sana, na misitu yake imedumu kwa mamilioni ya miaka. Upepo unaovuka mpaka upande wa pili hufika mikono mitupu, na upande wa pili ndiko tulikoketi mimi na mama na mlenda wake.

Mtu akitoka Tanga moja kwa moja hadi Mang'ula, anatoka kwenye unyevu na kuingia kwenye unyevu. Ataona msitu mzuri, basi. Ukilala kwanza nyuma ya milima ndipo unajua bei yake. Nimefurahi kwamba faili lilinileta huku, ingawa ofisini sitawaambia.

Asubuhi nilimpa mama jibu hilo kwa ufupi. Alifikiri kidogo, akasema basi milima hiyo ina choyo. Nikamtetea: maji ya Udzungwa ndiyo yanayozungusha mitambo ya Kihansi, na umeme wake unaingia gridi ya taifa, kwa hiyo hata taa ya baraza hili ina sehemu yake. Akauliza mbona basi usiku ulikatika. Sikuwa na utetezi.

Kesho napanda treni ya SGR hadi Morogoro, kisha basi. Kilichobaki ni koti la mvua, maana kule hunyesha hata kiangazi. Nimezunguka mitumba yote ya Majengo. Kijana mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akawageukia wenzake na kuwatangazia kwa sauti kwamba kuna mteja wa koti la mvua, mwezi huu, Dodoma. Mwishowe kanitafutia turubai dogo la kufunikia mizigo ya bodaboda, tukaelewana bei.