Kumbukumbu ya mradi: ThinkPad X220 ya mama mdogo inahamia SSD

Jumamosi

Mashine imefika mezani. Ni Lenovo ThinkPad X220, toleo la 2011, prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha pili, RAM ya GB 4, diski ngumu ya GB 500 inayozunguka mara 5400 kwa dakika. Mwenyewe ni mama mdogo, mweka hazina wa kikoba chao Mbagala. Hisa, mikopo na marejesho ya wanachama wote vimo humo, kwenye faili za Excel. Siku hizi akiiwasha anabandika chai kwanza. Fundi mmoja alishamwambia imechoka, atafute nyingine.

Mimi naona haijachoka. Niliifungulia dirisha la kuangalia matumizi ya mashine wakati imeganda: prosesa inacheza kwenye asilimia 4 au 5, diski imekaa 100 na haishuki. Maana yake prosesa haina kazi ya kufanya, inasubiri diski ilete kitu. Ukibadilisha kinachosubiriwa, mashine yote inabadilika.

Ila wakati ananikabidhi hakuzungumzia kasi hata kidogo. Alisema, "Mwanangu, fanya ufanyavyo, ila vitu vya watu visipotee." Kwa hiyo mradi huu unaanza na kuokoa data. SSD, yaani diski mpya isiyo na kitu kinachozunguka ndani, itasubiri.

Usiku niliiwasha kwa flashi yenye Linux, mfumo endeshi wa bure, na kusoma afya ya diski kwa programu ya smartctl. Mistari ninayoiangalia kwanza ni namba 5, sekta ambazo diski imeshazihamisha, na namba 197, sekta ambazo imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua izifanyeje. Namba 197 ilisoma 48. Diski yenye namba hiyo juu ya sifuri haiguswi kwa kazi nyingine yoyote kabla ya kunakiliwa.

Jumapili

Nimependa sana X220 ilivyotengenezwa. Unachomoa chaji, unatoa betri, unabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache kumaliza umeme uliobaki. Kisha skrubu moja tu upande wa chini, kifuniko cha pembeni kulia kinatoka, unavuta utepe, diski inateleza nje na mipira yake miwili ya pembeni. Mipira hiyo usiitupe, ndiyo itakayoishika SSD isicheze.

Diski nimeiunganisha kwa adapta ya SATA kwenda USB kwenye kompyuta yangu ya mezani, na nakala inakwenda kwenye diski ya nje ya TB 1. Sikutumia njia ya kunakili faili kawaida. Njia hiyo ikikutana na sekta mbovu inang'ang'ana hapohapo, na diski inazidi kuumia. Nimetumia ddrescue, ambayo inachukua kwanza yote yanayosomeka kirahisi, inaruka pagumu, halafu inarudi:

ddrescue -n /dev/sdb x220.img x220.map
ddrescue -d -r3 /dev/sdb x220.img x220.map

Hiyo faili ya mwisho, x220.map, ndiyo kumbukumbu ya wapi pameshasomwa na wapi bado. Umeme ulikatika katikati ya kazi. Uliporudi nilitoa amri ileile na ikaendelea pale ilipoishia badala ya kuanza GB 500 upya. Kwa sisi wa umeme wa kuja na kwenda, hiyo peke yake inatosha kuipenda programu hii.

Mwisho wa yote kilichobaki hakisomeki ni baiti 4,096: sekta nane za baiti 512, yaani kipande kimoja halisi juu ya sahani ya diski. Nilifungua nakala kwa kusoma tu, nikampigia simu. Baada ya shikamoo na salamu za nyumbani alichukua daftari lake la mkono, mimi nikamsomea jumla ya hisa mwezi kwa mwezi, yeye akifuatisha kwa kidole. Zilikubaliana zote. Tulipofika mwezi wa mwisho nilimsikia akishusha pumzi.

Wiki hiyohiyo, Kariakoo

Ununuzi nitaueleza kwa ufupi. X220 inapokea diski ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7. Ile ya 9.5 haiingii. Ndani ina pia nafasi ndogo ya mSATA, tundu la SSD zilizo kama kadi, lakini hiyo inakwenda kwa gigabiti 3 kwa sekunde wakati sehemu ya diski kuu inakwenda 6, kwa hiyo nimebaki na sehemu kuu. Nimechukua GB 240, kwa sababu data yote ya mama mdogo haifiki GB 60.

Kabla ya kuiamini niliijaza yote kwa f3write, kisha nikaisoma kwa f3read. Programu hizi zinaandika data inayojulikana hadi diski ijae, halafu zinahakiki kama kilichoandikwa ndicho kinachosomwa. Bidhaa zinazodanganya ukubwa wake zinakamatwa hapo. Hii imepita.

Kipimo

Sehemu hii ndiyo niliyokuwa naisubiri. Nilitaka kulinganisha diski na diski, si mfumo wa zamani uliojaa na mfumo mpya mtupu, kwa hiyo nilipima zote mbili ndani ya X220 ileile, kwa Linux ileile ya kwenye flashi, kwa kutumia fio, programu ya kupima kasi ya diski.

Kusoma mfululizo: diski ngumu MB 84 kwa sekunde, SSD MB 512. Mara sita. Nzuri, lakini mara sita haielezi kwa nini mtu abandike chai.

Kusoma vipande vya KB 4 vilivyotawanyika: diski ngumu vipande 61 kwa sekunde, SSD zaidi ya 7,000. Hapo ndipo jibu lilipo. Hesabu yake haina siri. Mizunguko 5400 kwa dakika ni milisekunde 11 kwa mzunguko mmoja. Kwa wastani unasubiri nusu ya mzunguko, kama milisekunde 5.6, na kabla ya hapo mkono wa kusomea lazima usogee hadi kwenye mstari wake, milisekunde nyingine kumi hivi. Jumla inakuruhusu mara 60 na kitu kwa sekunde, basi. Na mfumo unapowaka hausomi faili moja ndefu, unasoma maelfu ya vipande vidogo huku na huku. SSD haina sahani wala mkono wa kusogeza.

Kusimika

Sikuhamisha Windows ya zamani. Kwanza, diski ilikuwa na sekta mbovu na sitaki kubeba faili za mfumo ambazo sina uhakika nazo. Pili, Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haiikubali prosesa ya umri huu. Nimeweka Linux Mint na LibreOffice, ambayo inafungua faili zake za Excel. Kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, nimehakikisha SATA ipo kwenye AHCI, hali inayofaa SSD, na baada ya kusimika nimekagua kuwa fstrim.timer imewashwa, ili kila wiki SSD ijulishwe nafasi zilizoachwa na faili zilizofutwa, kazi inayoitwa TRIM.

Inawaka kwa sekunde 19. Mama mdogo aliiwasha mwenyewe, akafungua faili la mikopo, akaniuliza, "Hii ni ileile?" Ni ileile, RAM ileile ya GB 4.

Nimemfundisha jambo moja, na nililisisitiza: kila baada ya kikao anachomeka flashi na kunakili folda ya kikoba. Diski ngumu mara nyingi hugonga na kukwama kabla haijafa, lakini SSD inaweza kuzimika ghafla bila dalili, na kilichofutwa baada ya TRIM hakirudi kirahisi.

Diski ya zamani nimeifuta yote kwa kuiandika juu kwa programu ya shred, maana ina majina ya watu na madeni yao, na haitatumika tena popote. Nakala ya x220.img itabaki kwenye diski yangu ya nje, imefungwa kwa nywila, mpaka wavunje kikoba mwezi wa kumi na mbili na kila mwanachama awe amepata chake.